TAHADHARI: Muuzaji wa "seti kamili ya brasi" Mtwara na Lindi

Viongozi wa kwaya, walimu wa bendi na wenye vikundi vya matarumbeta ya harusi, kuanzia Mikindani hadi Masasi na Nachingwea: msimu huu wa korosho kuna muuzaji anapita kwenye magrupu ya WhatsApp akitangaza "seti kamili ya brasi, vipande 6, mpya", yaani ala za shaba za kupuliza kama tarumbeta na tromboni. Anadai nusu ya fedha kwa simu, mzigo unakuja kwa basi, na boksi halifunguliwi mpaka mmalizie. Msitume hata shilingi.

Ndani ya boksi kuna tarumbeta 3, tromboni 1 na saksafoni 2 zisizo na kipande cha mdomoni. Badala yake anaweka vikombe vya mdomoni vya tarumbeta, anasema "vinaingiliana, vyote shaba". Haviingiliani kamwe. Kwenye tarumbeta na tromboni, midomo ya mpigaji ndiyo inayotetemeka ndani ya kikombe. Saksafoni, ambayo Adolphe Sax aliisajili Paris mwaka 1846, inalia kwa ulimi wa tete kama klarineti, kwa hiyo ni ndugu wa zumari ingawa mwili wake ni shaba. Bila kipande chake na ulimi wake ni bomba tu. Hata vidole vinafanya kazi tofauti: valvu ya tarumbeta ikibonyezwa hewa inazunguka njia ndefu zaidi na sauti inashuka, saksafoni ukifungua matundu, sauti inapanda.

Tarumbeta zenyewe zimepigwa rangi ya dhahabu ya kupuliza. Chomoa bomba kuu la kutyuni (lile linalovutwa kurekebisha sauti), mulika ndani kwa tochi ya simu. Madoa ya waridi yenye kiini cheusi maana yake zinki imekwisha kutoka kwenye shaba, na hapo tundu liko njiani. Doa hilo halisuguliki likaisha; bomba hubadilishwa.

Kisha tia mafuta ya valvu, usibonyeze kitu, vuta bomba la valvu ya kwanza. Likitoa mlio wa "pa!", hewa haivuji. Likitoka kimya, valvu zimelika. Hewa ikigoma kabisa kupita, angalia namba kwenye pistoni (silinda inayopanda na kushuka ndani ya valvu): 1 ikae karibu na uso wa mpigaji, halafu 2, halafu 3. Huyu bwana huambia watu "italainika ikizoea". Pistoni zilizobadilishana nafasi hazizoei.

Tromboni: shika sehemu ya ndani, achia ya nje ishuke taratibu. Ikikwama mahali, bomba limebonyea. Saksafoni ina pedi (vizibo laini vya matundu) zaidi ya 20. Ingiza taa ndogo ndani gizani, funga vifuniko, tafuta mwanga unaopenya.

Waliokwisha kutuma fedha, hifadhini ujumbe wa muamala na mazungumzo yote, mpeleke polisi, na ujumbe wake wa kitapeli muutume 15040, namba ya kuripoti utapeli. Anabadilisha laini kila baada ya muda, kwa hiyo msimtambue kwa namba. Mtambueni kwa picha: ni zilezile, tarumbeta 3 juu ya mkeka wa bluu.