Nusukaputi kwa Ajili ya Magego Mawili: Uzoefu Wangu Nairobi

Neno nusukaputi nililisikia kwa mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka minane, wiki ambayo jirani yetu alipelekwa kupasuliwa ngiri na asirudi. Watu wazima walisema kwamba dawa ya usingizi ilimzidi, nami, kwa kuwa nililielewa neno hilo kuwa ni nusu ya kufa, nikaamini kwamba wapo watu wanaopewa nusu ya kwanza kisha ile ya pili ikajileta yenyewe. Hadi leo sijui kilichomuua hasa. Ninachojua ni kwamba nilipoambiwa mwaka huu, mimi mwalimu mzima wa shule ya upili, kwamba magego yangu mawili ya mwisho yatolewe kwa dawa ya usingizi kamili, mtoto yule wa miaka minane ndiye aliyejibu: nikasema nitafikiria, nikashuka ngazi bila kuchukua hata kadi ya miadi.

Huduma ninayoieleza hapa ni ya hospitali moja ya kibinafsi jijini Nairobi. Daktari wa meno alinionyesha eksirei ya taya nzima, na hata mimi nisiye mtaalamu niliona kwamba magego yote mawili ya chini yalikuwa yamelala ubavu chini ya ufizi, mizizi yake ikikaribia neva inayopita ndani ya taya na kuupa mdomo wa chini na kidevu hisia. Aliniambia waziwazi kwamba mdomo ungeweza kubaki na ganzi kwa wiki kadhaa, na kwa wagonjwa wachache zaidi ya hapo. Alinipa pia hiari: kutoa gego moja moja kwa sindano ya ganzi katika ziara mbili, au yote mawili kwa pamoja nikiwa nimelazwa usingizi. Nilikuwa nimewahi kung'olewa gego la juu kwa ganzi, na ingawa sikusikia maumivu, ule mlio wa jino likivunjwa karibu na sikio langu sikutaka kuusikia tena, sembuse mara mbili. Nikachagua usingizi. Kuhusu usingizi wenyewe, hata hivyo, daktari huyo aliyekuwa mwelekevu katika kila jambo jingine alisema tu, "Usijali, Mwalimu, utalala." Maneno hayo hayakunisaidia hata kidogo, maana kulala ndiko kulikonitia hofu.

Lawama yangu kubwa ni ya wiki iliyofuata. Nilipiga simu mara mbili kuomba kuzungumza na daktari wa usingizi, na mara zote mbili nikajibiwa kwa adabu kwamba yeye huonana na wagonjwa asubuhi ya upasuaji. Kwa hiyo nilibaki na maswali yangu na simu yangu usiku kucha. Nilitafuta jina la daktari wa meno katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, nikaona leseni yake iko hai, jambo ambalo ningemshauri kila mtu alifanye kabla ya kulipa chochote. Kisha nikasoma historia. Ilinifariji kujua kwamba Horace Wells, aliyeng'olewa jino lake mwenyewe mwaka 1844 akiwa amevuta hewa ya kuchekesha, gesi inayopunguza maumivu, alikuwa daktari wa meno, na kwamba William Morton, aliyeonyesha matumizi ya etha, dawa ya usingizi ya kuvutwa, mjini Boston tarehe 16 Oktoba 1846, alikuwa wa kazi hiyohiyo. Faraja hiyo iliisha nilipofika mahali panaposimuliwa kwamba Wells alipojaribu kuonyesha ugunduzi wake hadharani mwaka 1845, mgonjwa alipiga ukelele. Hayo si ya kusomwa saa saba usiku.

Ujumbe wa hospitali ulinitaka nisile wala kunywa chochote tangu saa sita usiku, na upasuaji ulikuwa saa tano asubuhi. Nilifika saa moja pamoja na dada yangu, koo limekauka, kichwa kikiniuma kwa kukosa chai.

Daktari wa usingizi aliingia saa tatu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, akavuta kiti akaketi, na kuketi kule peke yake kulinipunguzia nusu ya woga. Hakuanza kwa kunituliza. Aliuliza kama mtu yeyote wa damu yangu amewahi kupata homa kali akiwa kwenye nusukaputi, kama nina pumu, kama nakoroma, kama nina jino linalolegea au la bandia, ni dawa zipi ninazotumia zikiwemo za kienyeji, na mara ya mwisho nilikunywa maji lini. Nilipomtajia saa sita usiku alitikisa kichwa. Chakula, alisema, na chai ya maziwa ambayo nayo huhesabiwa kuwa chakula, huachwa muda wa saa sita kabla ya upasuaji, kwa sababu tumbo lenye kitu linaweza kukirudisha juu na kikaingia mapafuni mtu akiwa hajitambui; lakini maji matupu, na hata strungi, yaani chai isiyo na maziwa, huruhusiwa hadi zibaki saa mbili. Yaani ningeweza kunywa maji hadi dakika ileile aliyoingia.

Nikamsimulia habari ya jirani yetu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba watu hudhani dawa hutiwa mara moja kama mafuta ya taa kwenye kibatari, halafu watu wakasubiri iishe. Sindano ya kwanza, alieleza, hudumu dakika chache tu. Kinachoendeleza usingizi ni dawa anayoitoa kidogo kidogo muda wote, na akiifunga, mgonjwa huanza kuzinduka. Yeye haondoki kichwani pa mgonjwa. Hutazama mapigo ya moyo, oksijeni kwa kile kibanio cha kidoleni, hewa inayotoka kifuani kwa kila pumzi, na shinikizo la damu kila baada ya dakika tano. Alinieleza pia kwamba mrija wa kupumulia ungepitishwa puani ili kinywa kiachiwe daktari wa meno, na kwamba kwa sababu hiyo ningeamka koo likiwasha na huenda na damu kidogo puani. Sikuambiwa kwamba hakuna hatari. Niliambiwa hatari ni zipi na nani anazikodolea macho, na hapo ndipo nilipotia saini fomu ya idhini kwa mkono usiotetemeka. Mazungumzo yote yalichukua kama dakika 15. Ni hizo dakika 15 nilizozililia kwa simu wiki nzima.

Chumba cha upasuaji kilikuwa baridi kuliko Limuru mwezi wa Julai. Muuguzi aliniuliza jina langu na ni magego yapi yanayotolewa, ingawa nilikwisha kuulizwa hayo mara mbili. Safari hii sikukasirika. Dawa ilikuwa nyeupe kama maziwa, ikapanda mkononi ikichoma, na nilikuwa nataka kuuliza kama kuchoma huko ni kawaida.

Jibu nililipata katika chumba cha kuzindukia, kwa sababu inasemekana niliuliza swali hilo huko, nikiwa na pamba kinywani. Nilitetemeka mwili mzima kwa muda, jambo pekee ambalo sikuwa nimetahadharishwa, na muuguzi akanifunika blanketi la pili akisema wengi huamka hivyo. Kichefuchefu kilikuwepo lakini kidogo. Saa kumi na nusu tulikuwa tumekwama kwenye foleni ya Barabara ya Ngong ndani ya teksi, shavu likianza kufura. Lilizidi siku ya tatu, kisha likapungua. Uji vuguvugu, maji ya chumvi ya kusukutua kuanzia siku ya pili, na hakuna kunywa kwa mrija, ili damu iliyoganda kwenye kidonda isinyonywe. Mdomo wa chini ulikuwa na ganzi upande wa kushoto kwa siku 11.

Bili ina neno lake. Makadirio niliyopewa mwanzoni hayakuwa na ada ya daktari wa usingizi, ambayo hutozwa peke yake, na bima yangu ilikuwa imeidhinisha yale makadirio tu. Tulizungushwa dirishani karibu saa nzima, mimi nikiwa siwezi kuongea, dada yangu akiongea kwa niaba ya wawili. Ada yenyewe siilalamikii, ningeilipa tena. Nalalamikia kuijua nikiwa na pamba mdomoni.

Karatasi ya maagizo ilisema nisiendeshe gari, nisitie saini mkataba wala nisifanye uamuzi wowote mzito kwa saa 24. Niliona agizo hilo ni la kupita kiasi, na asubuhi iliyofuata nikakaa kusahihisha insha za Kidato cha Tatu. Jumatatu mwanafunzi mmoja aliniletea karatasi yake kwa unyenyekevu mkubwa, akiuliza kama kweli alipata alama 23 kati ya 20.