Kamera ndogo kwa bajeti ya kawaida: Sony W830, Canon IXUS 185 au Kodak FZ55?

Mwaka 2010 kamera ndogo zenye lenzi isiyobandukika zilisafirishwa kutoka viwandani kwa zaidi ya milioni 100 duniani. Kufikia 2023 idadi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya milioni 2, kwa kuwa simu zilichukua nafasi yake, na kampuni kubwa zikaacha kutengeneza karibu aina zote za bei nafuu. Kisha vijana wakaanza kuzitafuta upya, bei za zilizotumika zikapanda, na mnunuzi wa kipato cha kawaida akabaki na uchaguzi mgumu. Anayeingia leo Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, akiulizia kamera ya mfukoni ataonyeshwa mpya za Kodak Pixpro, zilizotumika za Canon na Sony, au zile za majina yasiyojulikana zinazotangazwa kuwa na megapikseli 48 na video ya 4K.

Naanza na hizi za mwisho, kwa sababu ndizo zinazowanasa wengi. Nyingi kati yake zina lenzi isiyosogea hata kidogo. Ile zumu ya mara 16 iliyoandikwa kwenye boksi ni kukatwa tu kwa kipande cha katikati ya picha na kukikuza, jambo ambalo simu yoyote inalifanya, na hizo megapikseli 48 hutokana na programu inayoinyoosha picha ndogo ili ionekane kubwa. Kuzitambua si kazi ngumu: washa kamera ukiwa bado dukani, bonyeza kitufe cha zumu, uangalie mbele. Katika Canon, Sony na Kodak ninazozungumzia hapa, lenzi hutoka nje kamera inapowashwa na husogea kila unapovuta zumu. Lenzi ikibaki palepale huku picha kwenye kioo ikizidi kuwa na ukungu, rudisha kamera mezani, hata kama bei yake inavutia.

Idadi ya megapikseli isimsumbue mtu. Picha ya sentimita 10 kwa 15, saizi ambayo wengi wetu husafisha, inahitaji takriban megapikseli 2 tu ili itoke safi kwa nukta 300 kwa kila inchi, na ukurasa mzima wa A4 hauhitaji hata 9. Kamera ya megapikseli 20 ikilinganishwa na ya 16 inaongeza urefu wa picha kwa asilimia 12 hivi, tofauti ambayo jicho haliioni. Kitu kinachostahili kuulizwa ni ukubwa wa kihisi kinachopokea mwanga, na hapo kamera zote tatu ziko sawa: kihisi chao kina upana wa milimita 6 na kimo cha milimita 4 na nusu hivi. Basi hakuna hata moja itakayofanya maajabu gizani, na simu nzuri ya miaka ya karibuni itazishinda zote usiku. Mwenye simu ya namna hiyo anunue kamera kwa ajili ya zumu ya kweli, kwa ajili ya flashi yenye nguvu, au kwa sababu anataka picha za familia zikae mahali ambapo hazitapotea siku simu itakapoibiwa. Kwangu sababu hii ya tatu ni nzito kuliko zote.

Canon IXUS 185 ilitoka mwaka 2017 na ina uzito wa gramu 126 tu. Zumu yake ni ya mara 8, kutoka upana unaolingana na milimita 28 hadi 224 (namba ndogo huonyesha eneo pana, kubwa huvuta kilicho mbali), na mtoto wa shule ya msingi anaweza kuitumia bila kufundishwa. Mchana penye mwanga wa kutosha inatoa rangi za kupendeza. Upungufu wake ni mmoja, lakini ni mkubwa: haina mfumo wa kuzuia mtikisiko ndani ya lenzi. Ukivuta zumu hadi mwisho, tundu la lenzi linapungua hadi f/6.9 (kadiri namba hii inavyokuwa kubwa, ndivyo tundu linavyokuwa dogo), yaani mwanga unaoingia ni kama moja ya tano ya ule unaoingia zumu ikiwa haijavutwa. Kamera hulazimika kufungua pazia lake linaloruhusu mwanga kwa muda mrefu zaidi, na mkono unapotetemeka kidogo tu, sura zinakosa makali. Ndugu yake IXUS 190 ina mfumo huo, ina zumu ya mara 10, na inatuma picha kwenye simu kwa Wi-Fi. Ikiwa tofauti ya bei kati yao ni ndogo, usifikiri mara mbili.

Sony W830 ni ya mwaka 2014. Kwa umri na kwa umbo haionekani kuwa na la zaidi, lakini ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu ambaye picha zake nyingi ni za watu ndani ya ukumbi. Lenzi yake inaanzia milimita 25, upana unaotosha kuingiza familia nzima sebuleni bila mpigaji kurudi nyuma mpaka ukutani, na inafika 200. Katika umbali huo wa mwisho, kanuni ya kawaida ya wapiga picha inadai kasi ya pazia ya angalau sehemu moja kwa 200 ya sekunde kama kamera haina msaada wowote. Mfumo wa kuzuia mtikisiko wa W830 unasogeza kipande cha lenzi kufuata mtetemeko wa mkono, kwa hiyo hata kasi ya chini ya hapo inaweza kutoa picha inayotumika. Fikiria mahafali ya darasa la saba: wazazi wamekaa nyuma, mtoto yuko jukwaani anapokea cheti, taa za ukumbi ni hafifu, na nafasi ya kupiga ni moja. Hapo ndipo mfumo huu unapolipa gharama yake. Hauwezi kumzuia mtoto anayekimbia asitoke na ukungu, kwa maana unatuliza mkono wa mpigaji na si mwendo wa anayepigwa, lakini kwa mtu aliyesimama faida yake inaonekana wazi. Mnunuzi awe makini na W800, inayofanana nayo sana kwa sura na huuzwa kwa bei ya chini kidogo: hiyo ina zumu ya mara 5 na haina mfumo huo wa ndani ya lenzi.

Kodak FZ55 ina faida ambayo nyingine mbili hazina, kwamba bado inapatikana mpya ikiwa na waranti. Jina ni la Kodak, ila mtengenezaji ni kampuni ya JK Imaging iliyopewa leseni baada ya Kodak yenyewe kuacha kutengeneza kamera za kidijitali mwaka 2012. Video yake ni ya 1080p, wakati Canon na Sony hizi zinaishia 720p, yenye ubora wa chini zaidi. Zumu ni ya mara 5 tu, lenzi inaanzia f/3.9, yaani inapokea mwanga mchache hata kabla ya kuvuta zumu, na mtikisiko unapunguzwa kwa programu badala ya lenzi. Kwa safari za mchana, ufukweni, mbugani ukiwa karibu, au kwa mwanafunzi anayetaka kujifunza, ni ununuzi wa haki. Kwa harusi za usiku siipendekezi. FZ45, ya familia hiyohiyo, inatumia betri mbili za kawaida za AA, jambo la maana sana kwa anayeishi au kusafiri mahali ambapo umeme si wa kutegemea.

Kamera yoyote kati ya hizi itahitaji kusaidiwa kidogo kuhusu rangi ya ngozi zetu. Kamera inapoona kanzu nyeupe au shela la bibi harusi likijaza sehemu kubwa ya picha, hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na nyuso zikatoka nyeusi bila macho wala tabasamu kuonekana. Dawa ipo: weka kamera kwenye P, hali inayokuruhusu kubadili baadhi ya mipangilio mwenyewe, fungua sehemu ya kurekebisha mwangaza, yenye alama ya kujumlisha na kutoa, upandishe kwa theluthi mbili za hatua au hatua nzima, yaani hadi +0.7 au +1. Flashi nayo isitegemewe kupita mita 3 hivi; mbali zaidi ya hapo itaangaza migongo ya waliokaa mbele na kuwaacha maharusi gizani.

Anayenunua iliyotumika aende mchana, akiwa na kadi yake ya kuhifadhia picha na betri iliyojaa ikiwezekana. Amulike lenzi kwa tochi ya simu akiitazama kwa pembeni: nyuzi nyembamba zinazosambaa kama utando ni kuvu, ugonjwa wa kawaida wa kamera zilizokaa kabatini Tanga, Mombasa au Unguja kwenye joto na unyevu, na kuisafisha lenzi ya ndani hugharimu kupita thamani ya kamera. Kisha avute zumu hadi mwisho apige picha ya anga tupu. Madoa ya kijivu yanayojirudia mahali palepale katika kila picha ni vumbi lililoingia ndani. Asikilize pia lenzi inapotoka na kurudi. Mkwaruzo wa mchanga husikika, na lenzi inayosita leo itagoma kesho. Kamera iliyowahi kuanguka mara nyingi hujionyesha kwa picha kali upande mmoja na zenye ukungu upande wa pili, kwa hiyo apige ukuta wa matofali na kulinganisha pembe zote nne kabla ya kutoa fedha.

Katika bajeti abakishe fedha za betri ya pili, kwani W830 na IXUS 185 zimekadiriwa kupiga picha 210 kwa chaji moja, na betri iliyozeeka haifiki hapo. Kadi ya gigabaiti 16 au 32 inatosha kabisa. Kadi za bandia ni nyingi: huonyesha gigabaiti nyingi lakini baada ya kujaa kiasi kidogo huanza kupoteza picha kimyakimya. Ijaze kadi mpya kwa mafaili ya kompyuta mpaka mwisho, uyafungue moja moja, na hilo lifanyike kabla ya siku ya shughuli, wakati muuzaji bado anakukumbuka na risiti iko mkononi.