Ukoka wa paspalum Kigamboni: uzoefu wangu baada ya mwaka mmoja

Uwanja wa kwangu ni mchanga mtupu, na maji ya kisima yana chumvi kiasi kwamba chai yake haipiti kooni. Kwa hiyo nilipokwenda kwenye bustani za miche kando ya barabara nilikuwa na swali moja tu: ukoka gani utayakubali maji haya? Muuzaji akanionyesha paspalum. "Bosi, hii inaota popote."

Kwenye chumvi hakunidanganya. Nilichukua viroba 12 mwishoni mwa Machi, masika inaanza. Unapewa mashina yenye mizizi, si mbegu. Unayachana na kuchomeka pingili mbilimbili kwenye mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza, ukiacha shibiri moja kati yake. Juni inaisha, mashina yameshakutana. Kiangazi chote nilimwagilia maji ya kisima, mengi kwa mara moja ili chumvi ishuke chini, kisha napumzika siku mbili. Kunde zangu zilikauka ncha kwa maji hayohayo. Ukoka ukabaki kijani.

Sasa hilo "popote". Chini ya mwembe ukoka ulirefuka, ukapauka, na kufikia Oktoba pamebaki kipara cha mchanga. Paspalum inataka jua. Nikaongeza samadi, nikaongeza maji, pesa bure. Mwisho jirani aliyewahi kuishi Mombasa akanipa vipando vya ukoka wa majani mapana, ule ambao kule wanauita wa Pemba. Huo kivulini umeshika vizuri, ingawa ukiukanyaga peku si laini kama paspalum, na haupendi kukatwa chini sana.

Kukata nako kulinifunza. Mvua za vuli niliuacha wiki tatu, kisha nikaushusha wote kwa siku moja. Kumbe ukiuacha urefuke hivyo, kijani chote kinabaki juu, chini ni vijiti. Uwanja ulikaa na rangi ya mkeka mkuukuu karibu wiki mbili. Siku hizi napunguza theluthi moja tu, kila wiki mvua zikiwapo.

Lawama yangu kubwa ni magugu ya ndago. Zilikuja ndani ya vile viroba, na mimi nilivimwaga bila kukagua. Ukivuta majani yanakatika, kile kiazi cheusi kinabaki ardhini na baada ya siku chache kimechipua tena. Lazima uchimbe kwa kisu. Niliporudi kumlalamikia muuzaji akacheka, akaniambia ndago ni za kwangu, zilikuwepo. Uwanja wangu ulikuwa mchanga mweupe usio na hata jani!

Kama una jua la kutosha na maji ya chumvi, nunua paspalum. Ila kiroba kifunguliwe palepale, kimwagwe chini, uchambue mizizi kwa mkono wako kabla ya kulipa. Leo asubuhi nimechimba ndago nne pembeni ya bomba.