Silinda za Hayabusa: nimezipokea, nimezipima

Msimu ulipoisha niliishusha injini ya pikipiki yangu, Suzuki Hayabusa ya 1999, ile ninayoikimbiza mbio za mita 402 za kunyooka, nikapeleka bloku (kipande chenye silinda) kwenye karakana ya kukereza. Kazi ilikuwa kupanua matundu kutoka milimita 81 hadi 84, kisha kupaka upya nikeli na kabidi ya silikoni, maana ukishakereza, utando wa kiwandani unakwisha wote. Ujazo wa injini unatoka cc 1,299 kwenda karibu 1,397.

Fundi alikataa kugusa chochote mpaka nimpelekee pistoni zangu, na hapo ndipo nilipomwamini. Tundu hufuata pistoni, siyo pistoni kufuata tundu. Bloku ilirudi na kikaratasi kilichofungwa kwa waya, kimeandikwa kwa penseli vipimo vya kila tundu: juu, kati na chini. Nilivirudia mwenyewe, vikalingana. Ukipitisha kidole ndani unaihisi mistari ya msasa inayopishana, ile ya kushika oili.

Lawama ninayo. Walichelewa wiki tatu nzima na simu hawakupokea. Tena vumbi la msasa lilibaki ndani ya matundu. Nimeosha kwa sabuni na maji ya moto mara nne, mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Jamani, usifunge ringi za pistoni kabla ya hapo, zitakwaruza ukuta wote.

Klachi bado iko mezani. Bloku nyingine nitawapelekea hao hao, ila nitaipeleka siku ileile msimu unapofungwa.