Daunriga za mkono kwenye boti ya tela: uzoefu wangu wa misimu miwili Ziwa Michigan

Nimeulizwa na watu wengi sana kama daunriga za mkono zinafaa kwenye boti ndogo ya tela, na kila nikitaka kuandika nachelewa, leo upepo unapiga ziwani, boti iko nyumbani chini ya turubai, acha niandike. Ni kuhusu daunriga mbili za kuzungusha kwa mkono, yaani vifaa vya kushusha chambo mpaka kina unachotaka, nilizofunga kwenye boti yangu ya aluminiamu ya futi 17, hii ya kuvuta na gari, ambayo mimi na shemeji yangu tunavulia samoni na trauti. Nilizinunua zimeshatumika, dola 280 zote mbili, na nimevua nazo misimu miwili. Zinafaa, tena sana, lakini kuna vitu ningevijua mapema visingenigharimu hela na samaki.

Mimi nimekulia Mwanza, Kirumba, pale pale karibu na mwalo. Sangara, sato, furu, dagaa wa karabai, hao nimewaona tangu sijaanza shule, na baba yangu mdogo alikuwa na mtumbwi wa ndoano. Kwa hiyo nilivyohamia huku Grand Rapids, jimbo la Michigan, Marekani, na kusikia ziwa liko mwendo wa saa moja kasoro nikajua mambo ni yale yale. Kumbe siyo. Victoria mahali penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80, hili Michigan linafika mita 281, na maji yake ya chini hata Julai ni baridi kama yametoka kwenye friji. Msimu wetu wa kwanza tulirambaza siku nzima, yaani kukokota chambo nyuma ya boti inayotembea, na vijiko (chambo bandia cha chuma chenye umbo la kijiko) juu juu, tunachoma mafuta tu, tukarudi mikono mitupu safari nne mfululizo. Safari ya nne mzee mmoja mwenyeji alitukuta Muskegon, mji ulio ufukweni mwa ziwa, tunapandisha boti, akachungulia ndani, akauliza tulikuwa tunavua futi ngapi. Shemeji akamwambia kama 15 hivi. Mzee akatikisa kichwa, akasema mmepita juu ya vichwa vyao asubuhi nzima.

Akatuelezea pale pale, na hili ndilo jambo lenyewe. Kiangazi jua linapasha maji ya juu, yanafika nyuzi 20 na zaidi, samoni hataki. Samoni aina ya chinook, ambaye huku wanamwita kingi, anapenda maji ya nyuzi 10 mpaka 13 hivi, na trauti wa ziwa anataka baridi zaidi ya hapo. Sasa hiyo tabaka ya baridi leo inaweza kuwa futi 50, wiki ijayo futi 90, na upepo ukipiga siku mbili tatu kutoka kaskazini unasukuma maji ya moto mbali na ufukwe wetu huu wa mashariki, ya baridi yanapanda, unakuta samaki wako karibu na nchi kavu kabisa. Kwa hiyo usipokuwa na namna ya kupeleka kijiko chako kwenye kina unachokitaka na kukibakiza hapo hapo huku boti inatembea, unabahatisha tu.

Ndiyo kazi ya daunriga. Ni kama winchi ndogo inayofungwa ukingoni mwa boti kule tezi, ina mkono wa chuma unaotokeza nje, ina waya, na mwisho wa waya kuna tufe la risasi, la kwangu ni la pauni 10, kama kilo nne na nusu. Unaachia kijiko nyuma ya boti futi 20 au 30, halafu unabana mshipi wako kwenye klipu iliyo juu kidogo ya lile tufe, unashusha vyote pamoja mpaka kaunta isome futi unazotaka. Rodi inabaki kwenye kishikio imepinda kama upinde. Samaki akigonga klipu inaachia, mshipi unakuwa huru, unapigana na samaki peke yake bila ule uzito.

Samaki wetu wa kwanza kwa daunriga siwezi kumsahau. Ilikuwa Julai, alfajiri, jua halijatoka, taa nyekundu ya gati la Muskegon tumeiacha nyuma, chini yetu futi 120, tufe la kulia liko 70. Ile rodi iliyopinda ghafla ikasimama wima, tap, mshipi ukalegea kabisa. Mimi nikajua klipu imeachia yenyewe. Shemeji akapiga kelele, “Zungusha kaka, zungusha!” nikazungusha rili kwa nguvu zote, mara mshipi ukakaza na rili ikaanza kulia, ikalia tu, samaki anaondoka na mshipi yadi mia na zaidi bila kusimama. Dakika 20 hivi. Alivyofika kwenye wavu ubavu wake ulikuwa na rangi ya fedha yenye zambarau kwa juu, vidoa vyeusi mgongoni mpaka mkiani, na fizi zake nyeusi, hapo ndipo unapomjua chinook. Kilo nane na ushee. Mikono yangu ilitetemeka mpaka nilishindwa kumtoa ndoano, akamtoa shemeji.

Sasa uzuri wa hizi za mkono. Hazitaki umeme. Boti yangu ina betri moja tu na hiyo betri ina kazi ya kuwasha mashine, kuendesha sona (kioo kinachoonyesha kina na samaki chini ya boti) na redio, sikutaka kuongeza waya mwingine. Ni nyepesi, nikimaliza nazichomoa kwenye vitako vyake naziweka ndani ya gari, na kwa boti ya tela hilo ni jambo kubwa maana ukiziacha juu barabarani zinatikisika kilomita zote hizo na pia wezi wapo. Zikiharibika naweza kuzifungua mezani na bisibisi. Ubaya wake ni mkono. Ya kwangu mzunguko mmoja unapandisha futi moja, kwa hiyo tufe likiwa futi 90 unazungusha mara 90 na kilo nne na nusu inaning’inia, na kila samaki akigonga lazima mtu apandishe. Siku samaki wanakula vizuri, bega linauma mpaka kesho yake. Tukiwa wawili tunasaidiana, mtu akiwa peke yake ningemshauri ajikusanye anunue ya umeme hata kama ni bei zaidi.

Kitu cha kwanza kilichonisumbua ni breki. Ikilowa inateleza, unakuta uliacha tufe futi 60, ukiangalia tena kaunta inasoma 68 na hujagusa kitu. Nilifungua nikakuta ile pedi ya ndani imepata grisi, aliyekuwa nayo mwanzo aliipaka mahali pasipotakiwa. Nikaosha na spiriti, nikakausha, tatizo likaisha. Ukinunua iliyotumika anza na hapo.

Cha pili ni waya. Zilikuja na waya wa chuma, nikavua nao, siku moja Agosti ukakatika pale ulipobanwa mwishoni, tufe likaenda na klipu ikaenda. Ukiwa na waya wa chuma kila mwanzo wa safari pitisha vidole na kitambaa kwenye futi kama sita za mwisho, ukiona uzi mmoja umechomoka kata, funga upya, usisubiri. Mimi nilibadilisha nikaweka uzi wa kusuka wa pauni 200 na sijarudi nyuma, hauimbi ndani ya maji kama ule wa chuma na haukuchomi vidole.

Cha tatu, na hiki nasisitiza kwa wenye boti za bati jepesi kama mimi. Usifunge kitako cha daunriga kwenye ukingo mtupu. Mimi nilifanya hivyo, bolti nne, nikaona imekaza, safari ya pili mawimbi ya futi tatu nikaona ukingo unapinda kila tufe linapovuta. Nikatoa, nikaweka kibati kinene cha aluminiamu chini yake kukaza bolti, sasa kitako hakitikisiki. Fikiria pia tufe likinasa chini na boti inaenda, hiyo nguvu yote inaishia kwenye hizo bolti nne. Tunapovua trauti wa ziwa, ambaye anakaa karibu na sakafu, tunashusha tufe mpaka liguse tope kidogo kidogo kwa mwendo wa maili moja na nusu mpaka mbili kwa saa, vumbi la tope linamvuta, anakuja. Lakini hapo mtu mmoja macho yake ni sona tu, na kisu cha kukatia uzi kiko mfukoni, siyo kwenye boksi.

Kaunta nayo usiiamini kila kitu. Kadiri unavyoenda mbio na kadiri tufe lilivyo chini, ndivyo linavyorudi nyuma, kwa hiyo ikisoma 100 tufe haliko 100. Kwa chinook tunaenda maili 2 na robo mpaka 2 na nusu kwa saa, kama kilomita 4 hivi, tunatumia mashine ndogo ya pembeni, na nikiangalia pembe ya waya naongeza futi kadhaa.

Halafu kuna wale wadudu wa Agosti. Ni viroboto vya maji, vidogo, vina mkia mrefu wenye miiba, vinanasa kwenye mshipi mpaka unaona kama pamba iliyolowa yenye vidoa vyeusi, inajaa kwenye ncha ya rodi mpaka mshipi haupiti tena, na samaki yuko upande wa pili anavuta. Tunachofanya ni kutumia mshipi mnene zaidi, pauni 30, hapo vinashika kidogo, na kila baada ya nusu saa tunapandisha na kufuta.

Sasa tela, maana boti bila tela kwangu haina maana, kulipia gati msimu mzima siwezi. Aliyeniuzia boti alinipa na kile kichwa cha chuma cha kufunga nyuma ya gari, nikakiamini. Kumbe mdomo wa tela langu ni wa inchi 2 na kile kichwa kilikuwa cha inchi 1 na 7/8. Kwa macho huwezi kuona tofauti, kinaingia, kinafunga, unaondoka. Nilikuwa kwenye njia kuu nikapita tuta la daraja, tela likaruka likatoka, kilichoniokoa ni cheni mbili nilizokuwa nimezipishanisha chini, mdomo wa tela ukalalia cheni badala ya lami, nikapunguza mwendo taratibu mpaka pembeni. Watoto walikuwa ndani ya gari. Tafadhali soma namba iliyochongwa juu ya hicho kichwa cha chuma na namba iliyoandikwa kwenye mdomo wa tela, zilingane, na cheni usiache kufunga hata kama unaenda mtaa wa pili.

Na beringi. Ukitoka barabarani habu za magurudumu zina moto, ukiziingiza moja kwa moja kwenye maji baridi hewa ya ndani inasinyaa na inavuta maji, grisi inaharibika, mwezi ujao gurudumu linakuachia njiani. Sisi tukifika tunashika habu kwa kiganja, kama huwezi kukiacha hapo tunasubiri, ndiyo muda wa kufunga rodi, kuchomeka kizibo cha maji na kuvaa maboya. Ukiikuta moja ina moto na nyingine ya uvuguvugu, hiyo yenye moto inakuambia kitu, usishushe boti kabla hujajua ni nini.

Kuna jambo lingine lililonigusa sana. Hawa samoni siyo wa hapa. Samaki wadogo wanaoitwa alewife walitoka baharini wakapitia mifereji ya meli wakajaa ziwa, mwaka 1967 walikufa wengi mpaka fukwe zikanuka, na serikali ya jimbo la Michigan ilikuwa tayari imeanza kumwaga vifaranga vya samoni wa coho mwaka 1966 na chinook mwaka 1967 ili wawale. Mimi mtoto wa Mwanza ninayejua sangara aliletwa Victoria kutoka nje na tukamuona amegeuza kila kitu, furu wengi wakapotea, viwanda vikaja, nikisikia hivi nakaa kimya nawaza. Na mpaka leo chakula kikubwa cha chinook ni wale wale alewife, ndiyo maana vijiko vyetu vinavyokamata ni vya fedha vyenye kijani au bluu mgongoni, urefu kama inchi nne.

Upande wa gharama nyingine, leseni ya mwaka kwa mkazi nililipa dola 26, na Michigan inaruhusu rodi tatu kwa mtu. Tukiwa wawili zingekuwa sita ila kwa boti ndogo tunaweka nne, mbili kwenye daunriga na mbili pembeni, zaidi ya hapo ni kufungua mafundo siku nzima.

Nyumbani mke wangu anamtoa samaki ngozi na mafuta yote ya tumboni na mgongoni, ndivyo idara ya afya ya jimbo inavyoshauri kwa samaki wa haya maziwa kwa sababu kemikali za zamani zinakaa kwenye mafuta, halafu anamkaanga kidogo na kumuweka kwenye nazi na ndimu. Mama alivyokuja kututembelea alikula akasema nyama ni laini kuliko sangara ila harufu ya ziwa hana.

Msimu ujao nabadilisha matufe, nataka ya pauni 12 yasirudi nyuma sana, na nimeshaagiza klipu mpya kwa sababu za zamani mpira wake umechakaa zinaachia kabla ya samaki. Daunriga zenyewe zinabaki hizi hizi.