Kipima unyevu chenye sindano mbili: nilivyokitumia kabla ya kuweka sakafu ya mbao

Nilinunua kifaa hiki kwa sababu fundi aliyeniwekea sakafu ya kwanza alinihakikishia kwamba mbao zikikaa chumbani siku 3 zinatosha, na msimu wa ukavu ulipoingia mianya ikajitokeza kati ya ubao na ubao. Safari hii sikutaka kuhesabu siku, nilitaka kupima.

Kifaa hupitisha umeme mdogo kati ya sindano mbili zinazochomekwa kwenye ubao. Ubao mkavu huuzuia umeme huo, wenye maji huupitisha kwa urahisi, nacho hutafsiri tofauti hiyo kuwa asilimia. Mbao zilipoletwa zilikuwa na unyevu wa asilimia 12, ilhali plaiwudi ya chini ilikuwa na 8, na kwa mbao zenye upana wa kama sentimita 8 au zaidi, tofauti hiyo haipaswi kuzidi 2. Kwa hiyo nilizitoa kwenye maboksi, nikazipanga kwa vijiti katikati ili hewa ipite kila upande, katika chumba ambacho plasta na rangi zilikuwa zimekwisha kukauka na ambacho joto lake lilikuwa lile lile watakaloishi nalo wenye nyumba. Siku ya 3, ile ambayo fundi wangu wa zamani angeanza kupigilia misumari, zilikuwa bado na 11. Zilishuka hadi 9 siku ya 12. Kwa kuwa ubao husinyaa zaidi kwa upana na karibu haubadiliki kwa urefu, asilimia hizo chache, zikirudiwa katika kila ubao wa chumba kizima, ndizo zinazozaa mianya.

Kina kasoro zake. Usipochagua aina ya mti kabla ya kupima, kitakupa namba isiyo sahihi bila onyo lolote, na maelezo yaliyoambatana nacho yanalitaja jambo hilo kwa mstari mmoja tu, jambo ambalo naliona ni uzembe. Sindano huacha matundu, hivyo pima upande wa chini wa ubao, tena mbao kadhaa kutoka maboksi tofauti. Kwa zege hakifai. Zege lina vipimo vyake. Sindano moja ilipinda nilipoichomeka kimshazari kwenye ubao mgumu, lakini nyingine mbili za akiba zimo ndani ya mfuniko, na kuzibadilisha hakuhitaji zana yoyote.