Mkopo wa jiji la New York kwa majengo ya ushirika: tathmini ya mweka hazina wa Bronx

Natathmini hapa mkopo wa ukarabati ambao jiji la New York huyapa majengo ya ushirika ya watu wa kipato cha chini, yale yanayojulikana kwa herufi HDFC, ambamo wakazi wanalimiliki jengo kwa pamoja kwa hisa. Mimi ni mweka hazina wa bodi ya jengo moja la aina hiyo huku Bronx, sehemu ya kaskazini ya jiji: ghorofa tano, matofali mekundu, halina lifti. Mkopo tumeshauchukua, kazi imekwisha, sasa tunalipa. Naandika kwa sababu Waswahili wa huku tukikutana harusini au msibani, swali ni lilelile: ni kweli jiji linatoa pesa? Na likitoa, halitatunyang'anya nyumba baadaye? Jibu langu ni kwamba pesa ni za kweli na nyumba inabaki yenu. Masharti ni mazito, na mimi nayaunga mkono.

Tuanze na majengo haya yalikotoka, maana bila hivyo masharti hayaeleweki. Miaka ya 1970 wenye majengo wengi wa Bronx na wa mitaa ya Harlem na Lower East Side kisiwani Manhattan waliyatelekeza. Kodi ya majengo hailipwi, joto hakuna, mengine yakateketea kwa moto. Mwaka 1976 jiji likabadilisha sheria ili liweze kutwaa jengo baada ya mwaka mmoja wa malimbikizo ya kodi, badala ya mitatu. Muda si muda likajikuta mwenye nyumba wa familia elfu kwa maelfu ambazo halikuwa na uwezo wa kuzihudumia. Mwaka 1978 ukaja mpango wa kuwakodisha wapangaji jengo zima waliendeshe wenyewe, na wakilimudu wauziwe, kila familia nyumba yake kwa dola 250. Shirika la UHAB, lililoanza mwaka 1973, likawa linawafundisha kuendesha mikutano, kutunza vitabu vya hesabu na kusoma bili ya mafuta ya boila, mtambo unaolipasha jengo joto. Leo kuna zaidi ya majengo elfu moja ya HDFC jijini.

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu, ambaye jengo zima tunamwita Mama, ni mmoja wa walionunua kwa dola 250. Bado ana cheti chake cha hisa ndani ya bahasha ya plastiki. Yeye na wenzake ndio waliofagia ngazi, wakachangishana pesa za mafuta wakati wa baridi, wakalala zamu mlangoni kuwazuia wezi wa mabomba ya shaba. Mtu akisema watu hawa walipewa nyumba bure, mimi huwa nanyanyuka kumpinga.

Tatizo ni kwamba dola 250 zilinunua nyumba, hazikununua paa. Ada za kila mwezi ziliwekwa chini makusudi ili watu wamudu, kwa hiyo akiba ikawa haba tangu siku ya kwanza, na jengo lililosimama tangu miaka ya 1920 halisubiri akiba yenu ikue. Ukuta wetu mdogo unaozunguka ukingo wa paa ndio uliotutisha. Mhandisi alipanda nasi, akaingiza bisibisi katikati ya matofali mawili upande wa barabarani, na saruji ikamwagika kama unga. Akalishika tofali moja kwa vidole viwili, akalitoa. Chini yake kuna kituo cha basi. Tangu mwaka 2024 sheria ya jiji inataka kuta za namna hiyo zinazotazama barabara zikaguliwe kila mwaka, na waliotunga sheria hiyo Mungu awabariki.

Mkopo wenyewe unaendeshwa hivi. Idara ya nyumba ya jiji, HPD, ina mifuko kadhaa ya kukarabati majengo, na kwa kawaida pesa zake zina riba nafuu kuliko ya benki na muda mrefu wa kulipa. Mara nyingi huunganishwa na mkopo wa benki: benki inatoa sehemu, jiji linatoa sehemu, na riba ya jumla inashuka. Msifikiri mtaingiziwa fungu kwenye akaunti. Mkandarasi hulipwa kwa hatua, kila hatua baada ya kazi kukaguliwa, na sehemu ya malipo yake huzuiwa mpaka mwisho. Hilo peke yake ningelilipia. Wale mliowahi kumpa fundi pesa za mbele mnajua ninachosema.

Kinachosaidia zaidi ni msamaha wa kodi ya majengo unaoweza kuambatana na mkopo. Sheria ya jimbo, kifungu cha XI, inaliruhusu Baraza la Jiji kulisamehe jengo la HDFC kodi kwa hadi miaka 40. Watu huliona hili kama nyongeza. Mimi niliyepiga hesabu naliona ndilo lenyewe, kwa sababu pesa tuliyokuwa tunailipa kodi ndiyo sasa inayolipa sehemu kubwa ya rejesho la mkopo. Bila hiyo ada ya kila mwezi ingepanda mpaka wastaafu wetu wangehama, na jengo lililookolewa kwa kuwatoa waliolilinda halijaokolewa.

Sasa taabu. Kabla hamjafika kwa mkandarasi kuna mhandisi au msanifu wa kuandika orodha ya kazi, zabuni, wakili wenu, wakili wa benki, kisha kura ya Baraza. Asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, ichunguzwe kwenye mabomba ya chini, na rangi yenye sumu ya madini ya risasi pia, kwa sababu New York ilipiga marufuku rangi hiyo mwaka 1960 tu na majengo yetu yalishapakwa mara nyingi kabla ya hapo. Huduma hii si ya bodi yenye haraka. Paa linalovuja leo lizibeni kwa pesa zenu huku mkiendelea na maombi.

Halafu vitabu. Wanataka hesabu zilizokaguliwa, orodha ya wanaodaiwa ada, mihtasari ya mikutano, ushahidi kwamba uchaguzi wa bodi ulifanyika. Hapa ndipo tulipoteseka, na aliyetutesa ni kampuni ya usimamizi tuliyokuwa nayo zamani, ambayo jina silitaji. Walitukabidhi masanduku ya karatasi yasiyo na mpangilio: risiti zimekosekana, bima imelipwa mara mbili mwezi mmoja na haikulipwa mwezi uliofuata. Mimi na katibu tulizijenga upya hesabu kutoka taarifa za benki, mstari kwa mstari, juu ya meza ya jikoni kwangu. Kazi hiyo ilituonyesha nani hasa anadaiwa na nani alisingiziwa. Familia moja iliyokuwa ikiitwa wadaiwa sugu ilikuwa imelipa muda wote. Tukawaomba radhi mbele ya mkutano mkuu.

Mjadala mkali zaidi ulihusu mkataba wa masharti. Ukichukua pesa za jiji unatia saini kwamba nyumba zitauzwa kwa bei yenye kikomo, kwa wanunuzi wenye kipato kisichozidi kiwango kilichowekwa, na jengo litasimamiwa kwa utaratibu unaoweza kukaguliwa. Kiwango cha kipato hupangwa kwa asilimia ya kipato cha kati cha eneo. Mwanahisa mmoja kijana, mtu mzuri, baba wa watoto wawili, alisimama akauliza kwa nini yeye azuiwe kuuza kwa bei ya soko wakati Harlem na East Village kuna nyumba za HDFC zisizo na mkataba kama huo zinazouzwa mamia ya maelfu ya dola, kwa pesa taslimu. Hoja yake si ya uchoyo. Watu wetu utajiri hawana, na nyumba ndiyo mali pekee wanayoweza kuwaachia watoto.

Lakini nilimjibu na nitamjibu tena. Nyumba ile aliipata kwa bei aliyoimudu kwa sababu aliyemtangulia hakuiuza kwa bei ya soko. Na tukumbuke mnunuzi anayelipa taslimu mamia ya maelfu si muuguzi msaidizi wala dereva wa basi, hata kama karatasi zake za kipato zinaonekana ndogo. Pesa za umma zikikarabati paa halafu nyumba ikauzwa kwa faida kubwa, umma umemfanyia ukarabati mtu mmoja aliyehama. Mama alisema maneno machache tu: yeye hakulala mlangoni ili nyumba iwe ya mwenye pesa. Kura ikapita. Kijana yule sasa yumo kwenye kamati ya boila na ndiye anayeielewa kuliko sote.

Matokeo: ukuta wa ukingoni umejengwa upya, paa jipya, boila mpya inayowashwa na kuzimwa kwa vipimo vya joto vilivyowekwa ndani ya nyumba, badala ya kipimo kimoja cha nje. Nyumba za nyuma ambazo miaka yote zilikuwa baridi sasa zina joto, na za mbele hazifungui tena madirisha mwezi wa Januari.

Naupa mkopo huu nyota nne kati ya tano. Napunguza moja kwa sababu huduma inaifaa zaidi bodi ambayo tayari ina mtu wa hesabu, na majengo yanayoihitaji kuliko yote ndiyo yasiyo na mtu huyo. Ingetakiwa kuwe na fungu la kumlipa mhasibu kabla ya maombi, si baada. Kiswahili nacho hakimo kati ya lugha kumi ambazo jiji hutafsiria nyaraka zake kwa kawaida. Kiarabu na Kifaransa zimo. Ombeni mkalimani kwa simu, ni haki yenu, na msimtume mtoto wa shule kutafsiri mkataba wa miaka 40.

Kwa wale mlio kwenye HDFC ambayo haijagusa mambo haya: majengo mengi yanaishi kwa unafuu wa kodi wa zamani, ule unaoweka kikomo cha thamani ya nyumba inayotozwa kodi, na unafuu huo unaisha mwaka 2029. Chukueni bili yenu ya kodi, mwulizeni mhasibu ingekuwa kiasi gani bila unafuu, kisha gawanyeni kwa idadi ya nyumba. Nambari hiyo iwekeni kwenye ajenda ya mkutano mkuu unaofuata, kabla ya habari za rangi ya ngazi.